Maandishi Yafike Ng'ambo Yakiwa Mazima: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa sisi tunaotengeneza fomu, mifumo ya tiketi, orodha za wanachama na huduma za meseji hapa Kigoma. Maswali yametoka kwa mafundi wenzangu, makarani wa bandarini na vijana wanaojifunza kuandika programu. Pale nilipoona watu wanaumia zaidi nimejibu kwa urefu.

"Kusimba maandishi" maana yake nini?

Ni kuyabadili umbo kwa muda ili yapite kwenye njia fulani bila kuharibika, halafu upande wa pili uyarudishe yalivyokuwa. Huko kurudisha ndiko tunakoita kusimbua. Mtu wa bandarini haelezwi sana. Tangu reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, mzigo hushushwa kwenye behewa na kupakiwa melini, na kila chombo kina namna yake ya kufungia. Chumvi ya Uvinza ikifungwa sawasawa, anayeipokea Kalemie au Bujumbura hufungua mfuko akakuta chumvi ileile.

Kwenye kompyuta shida inatokana na alama zenye kazi maalumu. Alama ya & kwenye anwani ya wavuti hutenganisha taarifa moja na nyingine. Alama ya < kwenye HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, hufungua lebo. Ritifaa (') kwenye SQL, lugha ya kuiamuru hifadhidata, huanza na kumaliza maandishi. Mtu akiwa na alama hiyo ndani ya jina lake, kompyuta haiwezi kubahatisha kwamba safari hii ni herufi tu. Lazima uiambie, na kusimba ndiyo namna ya kuiambia.

Duka langu linaitwa "Migebuka & Dagaa". Kwa nini kwenye mfumo linaonekana "Migebuka" peke yake?

Kwa sababu fomu ilituma hivi:

jina=Migebuka & Dagaa&mji=Kigoma

Isome kama seva inavyosoma. Inapokea jina, inachukua "Migebuka" na nafasi, inakutana na &, inafunga hesabu ya jina. Kisha inaanza taarifa mpya inayoitwa "Dagaa", ambayo haina thamani yoyote, inaitupa. Halafu inasoma mji. Hakuna kosa lililotangazwa wala taa nyekundu iliyowaka, na mwenye duka anakuja kugundua siku risiti inapochapwa. Ilipaswa kutumwa hivi:

jina=Migebuka%20%26%20Dagaa&mji=Kigoma

Kila alama yenye utata huandikwa kwa alama ya asilimia ikifuatwa na tarakimu mbili za mfumo wa kumi na sita (0 hadi 9, kisha A hadi F). Nafasi ni %20, & ni %26, # ni %23, = ni %3D, mkwaju (/) ni %2F. Alama ya asilimia yenyewe ni %25, kwa hiyo "punguzo 10%" linaandikwa punguzo%2010%25. Kanuni hizi zimo kwenye waraka wa RFC 3986 wa mwaka 2005, ambao Tim Berners-Lee ni mmoja wa waandishi wake. Angalia kwamba & ya pili, ile iliyo kabla ya "mji", haikusimbwa, kwa sababu hiyo ipo kazini. Ndiyo maana unasimba kila thamani peke yake kabla ya kuunganisha. Ukisubiri mpaka anwani nzima ikamilike, huwezi tena kujua & ipi ni ya jina na ipi ni ya njia.

Namba za simu zinafika bila alama ya kujumlisha. Nani anaila?

Fomu za wavuti zina desturi ya zamani ya kuandika nafasi kama +. Ukituma simu=+255 bila kusimba, upande wa pili unasoma nafasi, kisha 255. Tuma simu=%2B255. Kwetu hili si dogo: kitabu kimoja cha wateja kina +255 za hapa, +257 za Burundi na +243 za Kongo, na mfumo wa meseji ukipokea namba isiyo na alama hiyo unaweza kuidhani ya ndani.

Ritifaa ya ng' inanisumbua kila mahali. Nifanyeje?

Swali hili ndilo lililonifanya niandike ukurasa huu.

Kiswahili hakina alama nyingi ngeni. Hatuna vinyota juu ya herufi wala vimkia chini yake. Tuna ritifaa moja tu, nayo si pambo: "ng'oa" ni kutoa kitu na mizizi yake, "ngoa" ni tamaa na wivu. Bila ritifaa, "ng'ambo" inapotea, na mji huu unaishi kwa ng'ambo. Tena kuna majina ya watu. Wafugaji waliohamia huku kutoka Usukuma wamekuja na majina kama Ng'wandu, na jina la mtu haliombi ruhusa ya mfumo.

Niliwahi kusimama nyuma ya mama mmoja kwenye dirisha la tiketi. Karani aliandika jina lake lilivyo kwenye kitambulisho, akabonyeza, skrini ikagoma. Akarudia. Mara ya tatu akamwambia, "Mama, tutaliandika bila hicho kikoma." Mama akakubali, angefanyaje? Mlangoni, mkaguzi akalinganisha tiketi na kitambulisho, akamweka pembeni. Nilimwona ameketi juu ya kifurushi chake huku wenzake wanapanda, akisubiri mkubwa aje athibitishe kwamba yeye ni yeye.

Ndani ya mfumo ule kilichotokea ni hiki. Programu iliunganisha maneno kutengeneza amri ya hifadhidata:

INSERT INTO abiria (jina) VALUES ('Ng'wandu')

Hifadhidata inaona ritifaa ya kwanza, inaanza kusoma jina. Inasoma N, g, inaona ritifaa ya pili, inasema jina limekwisha: "Ng". Kisha inakutana na wandu, neno lisilo na maana kwake, inakataa amri yote. Mlango huohuo unaomnyima mama tiketi ndio mwizi anaoingilia, kwa sababu mtu mwenye nia mbaya anaweza kuandika ritifaa ikifuatwa na amri yake mwenyewe, nayo ikatekelezwa.

Kwa hiyo usifute ritifaa. Usiiandike mara mbili kwa mkono ukidhani umemaliza. Andika amri yenye nafasi wazi, kisha jina ulipeleke pembeni:

INSERT INTO abiria (jina) VALUES (?)

Hapo hifadhidata inajua tangu mwanzo kwamba kitakachokuja ni jina, si amri, hata kikiwa na ritifaa kumi. Karibu kila lugha ya programu inayotumika leo ina njia hii, na haichukui dakika nyingi zaidi kuiandika.

Lakini mbona ritifaa nyingine inapita na nyingine inagoma?

Kwa sababu ziko mbili, na jicho halizitofautishi kirahisi. Ile iliyonyooka ' ni namba 39 kwenye ASCII, jedwali la zamani la herufi za kompyuta. Ile iliyopinda ’ ni alama nyingine kabisa, U+2019 kwenye Yunikodi, jedwali la herufi za dunia nzima. Word huigeuza iliyonyooka kuwa iliyopinda bila kukuuliza, na baadhi ya simu hufanya vivyo hivyo. Kwenye anwani, ya kwanza ni ng%27ambo, ya pili ni ng%E2%80%99ambo. Mtu akitafuta jina kwa ritifaa moja wakati limehifadhiwa kwa nyingine, mfumo unajibu "hayupo".

Ushauri wangu: jina linapoingia, geuza zote ziwe iliyonyooka, ukijumuisha na ` ambayo wengine huibonyeza kwa bahati mbaya. Mwenye jina habaki na pengo, na matamshi yake hayabadiliki.

Meseji yangu ni fupi, kwa nini nakatwa gharama ya meseji mbili?

Hapa ritifaa iliyopinda inakula pesa waziwazi. Meseji moja ya simu hubeba baiti 140, na kila baiti ni biti 8. Herufi zikitoka kwenye jedwali la kawaida la GSM, yaani la mitandao ya simu za mkononi, kila moja inachukua biti 7, na zinaingia 160. Ikitokea alama moja tu isiyo kwenye jedwali hilo, meseji nzima hubadilishiwa usimbaji, kila herufi inachukua biti 16, na nafasi zinabaki 70. Meseji ikizidi hapo inagawanywa, na kila kipande kinapunguziwa nafasi kidogo za kuunganishia: 153 badala ya 160, 67 badala ya 70.

Chukua tangazo hili:

Boti ya kwenda ng'ambo itaondoka saa 12 jioni badala ya saa 9 alasiri. Fika bandarini mapema na kitambulisho chako.

Lina herufi 115 ukihesabu na nafasi. Kwa ritifaa iliyonyooka ni meseji moja, na nafasi 45 zinabaki. Liandike kwenye Word, ulinakili pamoja na ritifaa iliyopinda, na tayari ni meseji mbili. Kwa abiria 300 unalipia 600. Sentensi ya kwanza peke yake ina herufi 70 kamili; ongeza herufi moja tu na umevuka.

Jedwali la GSM lina é, è, à na ù, kwa hiyo "André" hapandishi gharama. Halina ê, ô wala ï, kwa hiyo "Anaïs" anapandisha. Alama za mabano ya mraba na ya mawimbi zimo, ila kila moja inahesabiwa nafasi mbili. Kabla ya kutuma kwa watu wengi, programu yako ikague meseji na ikuonyeshe herufi ipi imeivusha. Usimwachie karani akague kwa macho.

Naona Ã© na â€™ kwenye majina. Hiki ni kirusi?

Si kirusi. Ni barua iliyosomwa kwa jedwali lisilo lake.

ASCII, iliyotoka mwaka 1963, ina alama 128 tu, zinazotosha Kiingereza na, kwa bahati yetu, Kiswahili. Kifaransa hakikutoshea, wala Kijerumani, wala Kiarabu, kwa hiyo kila upande ukaunda jedwali lake la nyongeza. Baiti moja ikawa na maana nyingi kutegemea nani anaisoma. Yunikodi ilikuja mwaka 1991 kumpa kila herufi namba yake moja duniani, na mwaka uliofuata Ken Thompson na Rob Pike wakabuni UTF-8, namna ya kuandika namba hizo kwa baiti. Uzuri wake ni kwamba herufi za ASCII zinabaki baiti moja ileile, na nyingine zinachukua mbili mpaka nne.

Herufi é kwa UTF-8 ni baiti mbili, C3 na A9. Mfumo unaosoma kwa jedwali la zamani la Ulaya Magharibi unaziona kama herufi mbili: Ã na ©. Ritifaa iliyopinda ni baiti tatu, ndiyo maana inatoa vituko vitatu, â€™. Ukiona alama hizi, tayari unajua ugonjwa: mwandishi alitumia UTF-8, msomaji hakutumia. Kwa biashara yetu na Uvira, Kalemie na Bujumbura, ambako majina ya Kifaransa yamejaa, hili ni la kila wiki.

Dawa ni kutaja UTF-8 kila mahali maandishi yanapopita: kwenye faili, kwenye ukurasa, kwenye muunganisho wa hifadhidata na kwenye jibu la seva. Wengi husahau muunganisho. Na kama hifadhidata yako ni MySQL, chagua utf8mb4. Ile inayoitwa utf8 huko huishia baiti tatu, na mteja akituma emoji ya samaki, ambayo ni baiti nne, maandishi yake yanakatwa au yanakataliwa.

Majina yaliyokwisha kuharibika yanaweza kurudishwa?

Ukiona Ã©, mara nyingi ndiyo. Baiti bado zipo, zimesomwa vibaya tu. Zirudishe kwa jedwali lilelile la kimakosa, kisha zisome kwa UTF-8. Fanya kwenye nakala, usiguse orodha halisi. Ukiona alama ya kuuliza, "Andr?", herufi imekwisha kutupwa na hakuna programu itakayoifufua. Mpigie mwenye jina.

Nikisimba mara mbili si nitakuwa salama zaidi?

Hapana, utaharibu. Nafasi ikisimbwa mara ya kwanza ni %20. Ikisimbwa tena, ile alama ya asilimia nayo inageuka %25, na unapata %2520. Upande wa pili unasimbua mara moja tu, kwa hiyo mteja anasoma "Migebuka%20" kwenye risiti yake. Simba mara moja, mahali maandishi yanapotoka. Simbua mara moja, mahali yanapoingia. Ndani ya mfumo wako yaache yawe maandishi ya kawaida.

Base64 ni nini, na je, inaficha siri?

Haifichi chochote. Naandika hivi kwa sababu nimeona nywila za wateja zimewekwa kwa Base64 na fundi anaamini amezilinda. Mtu yeyote anaifungua kwa sekunde, bila ufunguo. Kulinda siri ni usimbaji fiche, kazi nyingine yenye zana nyingine, na nywila zina njia yake maalumu ya kuzihifadhi.

Base64 ni ya kupitisha baiti za aina yoyote kwenye njia inayokubali herufi za kawaida tu. Barua pepe za zamani ziliahidi kubeba biti 7, kwa hiyo picha au maandishi ya Kifaransa yalifika yamekatika. Mwaka 1992 ulipotoka utaratibu wa MIME, Base64 ilikuwa mojawapo ya dawa zake. Inachukua baiti 3, yaani biti 24, inazigawa mafungu manne ya biti 6, na kila fungu linapewa herufi moja kati ya 64: kubwa 26, ndogo 26, tarakimu 10, pamoja na + na /.

Tuifanye kwa mkono. "ng'" ni herufi tatu, baiti 6E, 67 na 27. Kwa biti:

01101110 01100111 00100111

Zigawe sita sita:

011011 100110 011100 100111

Hizo ni 27, 38, 28 na 39. Hesabu kuanzia A ikiwa 0, unapata b, m, c, n. Kwa hiyo ng' inakuwa bmcn, na "ng'ambo" nzima inakuwa bmcnYW1ibw==. Zile alama mbili za mwisho zinajaza pengo kwa sababu baiti 7 hazigawanyiki kwa tatu. Neno la herufi 7 limekuwa 12. Kwa faili kubwa ongezeko ni kama theluthi moja, na mwenye kulipia bando atalihisi.

Ukiiweka Base64 kwenye anwani ya wavuti, tumia aina inayoandika - na _ badala ya + na /. Sababu umeshaiona kwenye swali la namba za simu.

HTML na JSON nazo zinatumia asilimia?

Hapana, kila njia ina kufungia kwake. Kwenye HTML, & huandikwa &amp; na < huandikwa &lt;. Kwenye JSON, namna ambayo programu hupeana taarifa, alama ya mtajo huandikwa \" na é inaweza kubaki é au kuwa \u00e9, zote ni halali. Jina lilelile likipita njia tatu linafungwa mara tatu kwa namna tatu, na kila moja inafunguliwa pale inapoishia. Kosa la kawaida ni kuhifadhi kwenye hifadhidata jina ambalo tayari limevalishwa vazi la HTML. Siku ukilituma kwa meseji, mteja anaona "Migebuka &amp; Dagaa".

Faili langu la CSV (jedwali lililotenganishwa kwa mikato) ni UTF-8, ila Excel inaonyesha vituko.

Excel hubahatisha jedwali. Ingiza faili kupitia menyu ya data na uchague UTF-8, au faili lianze na baiti EF BB BF ambazo Excel huzitambua. Ukizitumia baiti hizo, hakikisha programu nyingine zinazosoma faili hilo zinaziruka, la sivyo safu ya kwanza itakuwa na jina lisilolingana na lolote.

Namtafuta André, simpati, na namwona kwenye orodha!

Herufi é inaweza kuandikwa kama alama moja, U+00E9, au kama e ikifuatwa na kimkwaju kinachojibandika, U+0301. Kwa macho ni sawa, kwa baiti ni tofauti. Yunikodi ina utaratibu wa kuzisawazisha unaoitwa NFC. Upitishe kwenye maandishi yote yanapoingia.

Madrasa ya Ujiji inataka majina kwa herufi za Kiarabu. Itawezekana?

Bila shida, ukishika UTF-8. Kila herufi huchukua baiti mbili, kwa hiyo سلام yenye herufi nne inakuwa alama 24 kwenye anwani iliyosimbwa. Usiweke kikomo kifupi cha urefu wa anwani, na kumbuka meseji zitakuwa za herufi 70.

Niandike mwenyewe programu ya kusimba?

Usiandike. JavaScript ina encodeURIComponent, Python ina quote ndani ya urllib.parse, PHP ina rawurlencode. Zijue tabia zake tu: encodeURIComponent haigusi ritifaa, nyingine mbili huigeuza %27. Zote ni sahihi na zikisimbuliwa zinarudi ng'. Ila hii ina maana usilinganishe anwani mbili zilizosimbwa na lugha tofauti ukidhani zitafanana herufi kwa herufi, simbua kwanza. Na quote ya Python huuacha mkwaju usipoiambia vinginevyo.

Nitajuaje mfumo wangu umekaa sawa?

Mpe jina gumu kabla wateja hawajampa. Mimi hutumia mstari huu, wenye ritifaa zote mbili:

Ng'ambo & ng’ambo + 10% #1 "André" Kalemie/Uvira

Uingize kwenye fomu, uhifadhi, utafute, uchape kwenye risiti, utume kwa meseji, utoe kwenye CSV. Mfumo uliopangwa kunyoosha ritifaa utakurudishia ya pili ikiwa imenyooka. Vingine vyote virudi vilivyo. Ukisimbwa kwa ajili ya anwani, kabla ya kunyoosha chochote, unapaswa kuonekana hivi:

Ng%27ambo%20%26%20ng%E2%80%99ambo%20%2B%2010%25%20%231%20%22Andr%C3%A9%22%20Kalemie%2FUvira

Ritifaa ya kwanza ikibaki bila kusimbwa, si kosa, ni JavaScript. Kipande kingine chochote kikitofautiana, anzia hapo kutafuta.